Kiti cha Pembeni ya Bwana Shamba

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ipo sebuleni. Naamka, navuka korido ya hatua sita, nimeshafika kazini. Makambako ni mji wa watu wanaopita: malori ya Zambia, mabasi ya Songea, wanunuzi wa mahindi na mbao, wageni wa gesti wanaoondoka kabla hawajajua mtaa waliolala unaitwaje. Mimi nimekaa katikati ya njia panda hiyo zaidi ya miaka ishirini na sijapita kwenda popote. Wateja wakiniuliza mbona sisafiri, nawajibu kwamba lazima abaki mtu wa kuwabadilishia zipu mkirudi.

Mke wangu hakuumbwa hivyo. Alirithi kwa baba yake shamba la maparachichi nje kidogo ya Njombe, na kila Jumanne hupanda gari asubuhi kwenda kwenye kikundi cha wakulima, ambako yeye ni katibu. Anarudi jioni na matope kwenye viatu na maneno mapya kinywani. Kwa miaka mingi sikuwa na neno juu ya Jumanne. Kisha kikundi kikapata bwana shamba mpya.

Nilimwona mara ya kwanza alipomleta mke wangu mpaka mlangoni kwa pikipiki, siku ambayo magari yalikuwa adimu. Shati limechomekewa, buti zinang'aa. Mpaka leo sijaelewa mtu anayeshinda mashambani anapataje buti zinazong'aa. Alinipa mkono akasema, "Shikamoo shemeji." Nikaitika marahaba. Shikamoo ile niliibeba wiki nzima. Ilikuwa ya heshima, sikatai, lakini ilikuwa pia ya kunijulisha kwamba mimi ni mzee.

Tangu hapo nyumba yangu ikaanza kuendeshwa na mtu asiyeishi ndani yake. Bwana shamba amesema tusimwagilie jua likiwa kali. Bwana shamba amesema matawi ya chini yapogolewe. Hayo niliyameza. Siku moja mke wangu akasogeza kopo la sukari mbali na kikombe changu.

"Bwana shamba amesema watu wazima tupunguze sukari."

"Na chai nayo ni zao la biashara?"

"Kunywa, fundi, itapoa."

Ndivyo anavyoniita akinitania, fundi, kama vile mimi ni wa kukodi.

Sasa, kampuni moja inayonunua maparachichi iliwaalika wakulima wanne kwenye maonyesho Dar es Salaam, wazungumze na wanunuzi wa nje. Walichaguliwa mwenyekiti, ambaye ni mzee wa kanisa na haongei ovyo, mama mweka hazina, ambaye huongea kwa niaba ya mwenyekiti, bwana shamba, na mke wangu, ambaye ndiye angesimama mbele ya wageni kusoma taarifa ya kikundi. Nauli ya ndege ilitumwa, na kikundi kikaambiwa kijikatie tiketi chenyewe. Bwana shamba akasema zipo tovuti zinazolinganisha bei za mashirika yote, huko tiketi hupatikana kwa nafuu. Kisha wakatazamana nani ataifanya kazi hiyo. Mke wangu akasema mumewe anakaa nyumbani, ana bando, ana kidato cha nne.

Kidato cha nne nilichonacho nisingependa kifunguliwe tena, lakini sikukataa. Nilijaribu kwanza kuwashauri kwa wema.

"Kutoka hapa kwenda Dar ni mashariki," nilimwambia mke wangu. "Ninyi mnataka kwenda kwanza Songwe, magharibi, saa nne barabarani, ndipo mgeuke mpite tena juu ya paa letu. Na treni ipo hapa nyuma ya nyumba."

"Mnunuzi amelipia ndege, wewe unanipeleka stesheni."

"Nakutakia usalama."

"Unanitakia nikae," alisema, na aliponisoma hivyo niliinama nikatafuta pini ambayo haikuwa imeanguka.

Basi nikaifungua hiyo tovuti. Nilichokigundua haraka ni kwamba haina ndege hata moja. Ni dalali. Ni kama wale wa stendi wanaokuvuta mkono na kukuandikia tiketi ya basi ambalo hata dereva wake hawamjui. Na maneno ni yaleyale: viti vimebaki vitatu tu, kamata sasa, watu kumi na mmoja wanaitazama safari hii wakati huu. Hilo la watu kumi na mmoja lilinikaa vibaya. Makambako nzima, nani mwingine anataka kujua mke wangu anasafiri Jumatano saa kumi jioni? Nilijua mmoja wao ni nani. Nikamwona kabisa, buti juu ya meza, anaperuzi.

Dalali alitaka majina yote kama yalivyo kwenye vitambulisho, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Nikalazimika kumpigia bwana shamba.

"Shemeji, kumbe wewe ndiye injinia wetu," akasema.

"Taja tarehe."

Akataja. Nikafanya hesabu pembeni ya gazeti la mishono. Nimemzidi miaka kumi na minne. Kuna mambo mtu hapaswi kuyajua, na dalali wa mtandaoni anakulazimisha uyaandike kwenye kisanduku ndipo ukurasa uendelee.

Tiketi zikatoka. Nikaanza kushona gauni la kitenge la kusomea taarifa. Nimemshonea mke wangu tangu tukiwa wachumba, vipimo vyake viko mikononi mwangu, siandiki. Safari hii niliongeza inchi mbili kiunoni na moja mabegani. Alipolijaribu, alisimama mbele ya kioo akavuta kitambaa cha ziada kwa vidole.

"Fundi, leo umemshonea nani?"

"Ndege ina baridi. Utavaa sweta ndani."

Alinitazama kwenye kioo. Alikaa kitandani na gauni lake lile kubwa, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo lilipaswa kunitoa ujinga wote.

"Naogopa," alisema.

Nikadhani anaogopa wageni, hotuba, Kiingereza.

"Hayo nimeyazoea. Naogopa ndege. Jana nimeiota ikinyanyuka, mimi nimebaki nimeshika kiti tu, sijui mtu anatakiwa ashike wapi. Sijamwambia mtu. Mama mweka hazina akijua, watajua mpaka Makete." Akalikunja pindo la gauni. "Nakuomba kitu kimoja. Ukipanga viti, niweke na mtu aliyekwishapanda, aniongeleshe njiani. Nisipopata hivyo, nahisi nitageukia mlangoni."

Kati ya wale wanne, aliyekwishapanda alikuwa mmoja, mwenye buti. Alikuwa ametuhadithia mara nyingi, Dodoma, Mwanza, tena Dodoma, mpaka anasinzia humo ndani kwa kuzoea.

"Sawa," nilisema.

Siku moja kabla ya safari, saa kumi jioni, mlango wa kujiandikisha safari na kuchagua viti mtandaoni ulifunguliwa. Niliingiza namba ya safari aliyotupa dalali kwenye tovuti ya shirika la ndege. Ikajibu kwamba safari hiyo haijulikani. Niliingiza tena polepole, herufi moja moja, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Haijulikani. Jasho lilinitoka na ilikuwa baridi ya mwezi wa saba. Nikaona watu wanne wamesimama Songwe na maboksi ya maparachichi, na sababu ni mimi. Na nisiwe mwongo, sehemu fulani ya moyo ikatulia. Kisha nikashuka chini kabisa kwenye barua pepe ya dalali, chini ya matangazo ya hoteli, nikaikuta namba ya pili, ya shirika lenyewe. Dalali ana namba yake, mwenye ndege ana yake. Niliingiza hiyo na mlango ukafunguka.

Ikatokea picha ya ndege kwa juu, viti viwili viwili kila upande na ujia katikati. Mtambo ulikuwa umeshawapangia wenyewe. Mwenyekiti na mama mweka hazina safu ya nne. Safu ya saba, mke wangu dirishani, pembeni yake bwana shamba.

Nilikitazama hicho kitu muda mrefu. Mtambo hauna macho, haujafika Njombe, haujui Jumanne wala pikipiki, na bado umewaona. Ulikuwa umefanya hasa nilichoombwa. Nilitakiwa kubonyeza mahali pamoja tu, nifunge simu, nikapike ugali.

Kijijini kwetu nilikokulia, kanisani tunakaa wanawake upande huu na wanaume upande ule, na ujia katikati. Hakuna aliyelalamika, na sijasikia ndoa iliyovunjika kwa sababu ya mpango huo. Nikaipanga ndege ile Kilutheri. Bwana shamba nikamhamishia safu ya pili pamoja na mwenyekiti, mzee asiyeongea ovyo. Mke wangu nikampeleka safu ya kumi na mbili, nyuma kabisa, pamoja na mama mweka hazina, ambaye anaongea lakini ni mwanamke. Katikati yao zikabaki safu tisa. Nikabonyeza. Kisha nikatembea mpaka steshenari kuchapisha zile pasi za kupandia, na njiani nilijisikia nimefanya kazi ya maana kuliko suruali zote za mwezi ule.

Mke wangu alizipokea akatafuta namba yake.

"Mbona niko na mama mweka hazina?"

"Mtambo ndio uliopanga. Mimi nimebonyeza tu."

"Haubadilishwi?"

"Haubadilishwi."

Alizikunja akazitia kwenye pochi. Usiku ule aligeuka geuka kitandani, nami nikajifanya nimelala.

Wakaondoka asubuhi kwa gari la kukodi. Mama mweka hazina alinisalimia kutoka dirishani, "Kamwene, fundi, tukuletee nini Dar?" Bwana shamba alikaa mbele na dereva. Hilo lilinipendeza. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona mfuko wa shati la mtu upande wa ndani, nikaufumua, nikaushona tena ndani.

Saa nane na nusu simu ikaita.

"Niko Songwe, kwenye kaunta," mke wangu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, nyuma yake nasikia mizigo inaburutwa. "Dada wa hapa ameangalia kompyuta yake. Anasema viti vyetu vilibadilishwa jana jioni kwa mkono, anauliza kama tunataka kubadilisha tena. Nimemwambia hapana, vilipangwa na mtambo. Amenigeuzia kioo nione."

Nilikuwa nimeshika gurudumu la cherehani.

"Saa kumi na dakika ishirini na mbili," alisema. "Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Nani alikuwa na simu?"

"Mimi."

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Najua."

"Uliona nini?"

Hapo ningeweza kutafuta maneno. Nikasema tu ukweli, na ulitoka mfupi kuliko nilivyodhani. "Nilikuona umekaa naye dirishani, nikashindwa."

Nilimsikia akimwomba dada wa kaunta asubiri kidogo. "Mama mweka hazina anasali tangu Mbalizi," akaniambia. "Analia. Ndiye uliyenipa. Gari la kukodi bado lipo nje, linarudi Makambako. Niambie wewe. Nipande au nirudi?"

Nilikuwa nimeyataka maneno hayo tangu siku tiketi zilipokuja. Nirudi. Angefika jioni, tungekunywa chai pamoja, na taarifa ya kikundi ingesomwa na mtu mwingine, na mtu huyo najua angekuwa nani. Miezi miwili alikuwa akiisoma ile taarifa jikoni, akiyaambia masufuria idadi ya miche. Ningesema neno moja tu.

"Mpe simu bwana shamba," nilisema.

Nikasikia simu inapokewa na buti zinatembea, zikatembea sana, mpaka kelele za kaunta zikapungua.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Nina ombi. Viti vimechanganyika, kosa ni langu. Mwambie dada wa kaunta awarudishe safu ya saba, wewe pembeni ya mke wangu. Anahitaji mtu aliyezoea."

Akashusha sauti. "Shemeji, naomba nikuambie kitu na kibaki kwako."

"Sema."

"Mimi sijawahi kupanda."

"Na Dodoma?"

"Basi."

"Mwanza?"

"Mwanza sijafika. Niliwahi kumsindikiza bosi hapahapa uwanjani mpaka kwenye mlango wa vioo." Akavuta pumzi. "Wakulima wakikuona hujui kitu kimoja, hawakuamini na kingine. Nilianza na Dodoma, nikashindwa kurudi. Tangu asubuhi natafuta sababu ya kubaki. Nilishukuru uliponipeleka kwa mwenyekiti, maana yeye haulizi maswali. Nakuomba usimwambie katibu."

Nitakuwa mkweli: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasimama. Buti zote zile, na mtu ndani yake anatafuta sababu ya kubaki. Nilichotakiwa kufanya ni kuirudisha simu kwa mke wangu na kumwambia neno hilohilo, Dodoma alikwenda kwa basi, na bwana shamba angeisha pale pale mbele ya kaunta, angeisha na Jumanne zake na sukari yangu. Na mke wangu angetoka mlangoni akaingia kwenye gari la kukodi.

"Mrudishie simu," nilisema.

"Utamwambia?"

"Mrudishie."

Akaja mke wangu. Pumzi yake ilikuwa juu juu. "Haya, niambie."

"Panda," nilisema. "Atakaa na wewe. Ameshapanda mara nyingi, amesema hata yeye mara ya kwanza aliogopa. Shika sehemu ya mkono ya kiti. Ikinyanyuka tazama mbele, usitazame chini mpaka inyooke." Yote hayo niliyatoa kichwani. Mimi kitu cha juu kabisa nilichowahi kupanda ni ngazi ya kanisa, kufunga mapambo ya Krismasi.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Na wewe utakuwa sawa?"

"Mimi nipo nyumbani," nilisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Ile saa kumi niliacha kazi nikatoka uani. Jirani yangu, muuza vipuri, alikuwa anatandika mkeka wa kusalia, akaniuliza natafuta mvua. Nikamwambia natafuta mke. Akatazama juu pamoja nami kidogo, kwa ujirani tu, kisha akaendelea na mambo yake. Mawingu yalikuwa yamefunga. Nilisikia mvumo, na hata leo siwezi kuapa kama haukuwa wa lori linalopanda kilima. Niliwaza viti viwili, safu ya saba, na nani yupo wapi. Nikawaza sehemu ya mkono ya kiti, ile iliyo katikati, niliyomwambia mimi mwenyewe aishike. Katikati ya watu wawili huwa ni moja. Hilo sikuliwaza mapema.

Akapiga saa kumi na mbili. Nilipokea kabla haijaita vizuri.

"Tumefika," alisema. Na alikuwa anacheka, kicheko kile cha kufunika mdomo, ambacho kwa kawaida ananichekea mimi. Moyo ukanishuka.

"Ulikuwaje?"

"Mimi? Mimi nilisahau kuogopa. Fundi, yule mtu. Ndege haijaanza hata kukimbia, amefumba macho. Nikamuuliza bwana shamba, mbona hivi, akasema anasali. Ilipoinua pua akatoa sauti, siwezi kukuigizia hapa, mama mweka hazina aliisikia kule nyuma. Uso umekuwa wa kijivu. Ameniambia mwenyewe yote, Dodoma na bosi wake na mlango wa vioo. Nikamwambia tazama mbele, usitazame chini mpaka inyooke. Maneno yako yaleyale."

"Yakamsaidia?"

"Kidogo. Ikabidi nimshike mkono."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Alikuwa anatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa," aliendelea. "Ningefanyaje? Nikamshika, namsimulia habari za ubarikio wa mtoto wetu kanisani na bei ya mbolea, mpaka akapumua." Kisha kicheko kikapungua, akasema kwa sauti ya kawaida, "Amesema alikuambia wewe kabla hatujapanda."

"Aliniambia."

"Na ukaniambia nipande naye."

"Ndiyo."

"Ulitaka kunirudisha, na ulikuwa na la kunirudishia, na hukulisema."

Sikujua kama ninasifiwa au ninahojiwa. Nikasema ndiyo tena. Kwa mbali nilisikia mtu anaita katibu, katibu, mizigo imetoka, na sauti hiyo niliifahamu, ilikuwa imerudiwa na uhai wake wote.

"Haya, mume wangu," alisema. Hakusema fundi. "Kesho saa nne asubuhi nasoma. Gauni nimelikaza kwa pini, usijali. Una swali?"

Nilikuwa nalo. Nilijitahidi kulizuia, nikamtakia usiku mwema na nikamwambia asimsahau mwenyekiti kwenye mizigo, na bado lilikuwapo, limekaa juu ya ulimi. Tiketi ilisema angani ni saa moja na dakika ishirini na tano, na hiyo nilikuwa nayo kwenye simu; ya mkono haikuandikwa.

Nikamuuliza kama ndege ilichelewa kutua.